Mita ya Mkononi na Kanzu ya Bwana Harusi

Katika daftari langu la picha kuna ukurasa mmoja ambao sijauchana, ingawa kila nikiufungua huona haya. Ni wa siku ya nikaha moja hapa Mji wa Kale, Mombasa, wakati ambapo ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupiga filamu kwa kamera kuukuu ya milimita 35 iliyokuwa na mita yake ya mwanga ndani. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na kichochoro kilikuwa na kivuli kizuri kilichopata mwanga kutoka kwenye ukuta wa chokaa ulio mkabala. Nilimkalisha bwana harusi barazani pamoja na ami zake watatu, wote wakiwa wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi zikanyooka. Mshale wa mita uliniambia f/16, yaani tundu dogo la lenzi, kwa 1/250 ya sekunde, nikatii. Dakika kumi baadaye, mahali palepale, walisimama mama yake na shangazi zake wakiwa na mabuibui, na mshale uleule ukaniambia f/4, tundu pana, kwa 1/250. Nikatii tena, kisha nikaziandika namba zote mbili daftarini kwa fahari ya mwanafunzi.

Filamu iliposafishwa, kanzu zilikuwa na rangi ya jivu la jikoni, na nyuso za akina ami zilikuwa zimezama gizani hata ikawa mtu hutambulikana kwa kofia yake tu. Akina mama walinusurika. Mabuibui yao yalikuwa yamepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia, lakini nyuso zilikuwamo, na fundi wa maabara aliweza kuziokoa wakati wa kuchapa. Hiyo ndiyo tabia ya filamu ya negativu: huvumilia mwanga uliozidi kwa stopu (hatua za mwanga) mbili au hata tatu, lakini mwanga uliopungua haina huruma nao, kwa sababu sehemu ya filamu ambayo haikuguswa na mwanga haina chochote cha kuchapwa. Wanaume niliwapoteza.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mita ya kamera ile ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Kutoka f/16 hadi f/4 ni stopu nne, na kwa kuwa kila stopu ni mwanga kuongezeka maradufu, zile namba mbili zilitofautiana mara kumi na sita katika kichochoro kimoja, chini ya mwanga ambao ndani ya dakika kumi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nguo.

Hapa yafaa nieleze ninachokiita mita, kwa sababu nyumbani kwetu ukitaja neno hilo watu hufikiri ni stima, na mama yangu aliposikia kwamba nimenunua mita iliyotumika aliniuliza ile ya ukutani ina kasoro gani. Ninayoizungumzia ni mita ya mwanga, chombo kinachoenea kiganjani, ambacho hupima ukali wa mwanga na, ukishakiambia ISO ya filamu yako, yaani namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga, hukupa jozi za namba za kutumia: upana wa tundu la lenzi kwa upande mmoja na spidi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi, kwa upande wa pili. Jicho haliwezi kuifanya kazi hiyo. Jua la mchana hapa pwani huangusha takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na sebule yenye mapazia yaliyofungwa nusu huwa na luksi 80 hivi. Tofauti yake ni zaidi ya mara elfu moja, yaani stopu kumi, lakini mtu akiingia ndani kutoka juani husema tu kwamba humu mna giza kidogo, na baada ya dakika chache hasemi tena. Jicho hujirekebisha bila kutuarifu. Ni neema kubwa kwa mtembeaji na hasara kwa mpiga picha.

Mita iliyo ndani ya kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Haijui kitu hicho ni nini, wala haina njia ya kujua kama mwanga mwingi unaoiingia umetokana na jua kali au na nguo nyeupe. Kwa hiyo imetengenezwa ikiwa na dhana moja tu: kwamba chochote kilicho mbele yake, ukichanganya kweupe na keusi, kina wastani wa kijivu. Watu wengi huitaja kijivu hicho kuwa ni asilimia 18, kile cha kadi ya kijivu inayouzwa madukani, ingawa mita nyingi kwa hakika zimepangwa kwa kiwango cha chini kidogo ya hapo, na watengenezaji wenyewe hawalingani: wengine hutumia thamani ya 12.5 katika hesabu yao na wengine 14. Tofauti hiyo ni kama sehemu ya sita ya stopu. Nimewahi kuwasikia watu wazima wakizozana kwa hasira juu ya jambo hili, na sioni sababu, kwani shata ya kamera ya miaka hamsini huenda inapotoka zaidi ya hapo.

Sasa ichukue dhana hiyo uipeleke harusini kwetu. Kanzu nyeupe iliyofuliwa vizuri hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoiangukia, na buibui jeusi hurudisha asilimia chache tu. Mita ikielekezwa kwenye kanzu nne hudhani kwamba hicho ni kijivu kilichopigwa na mwanga mkali mno, hivyo hukuamuru ulifunge tundu la lenzi stopu mbili. Ikielekezwa kwenye mabuibui hudhani kwamba hicho ni kijivu kilicho kivulini, hukuamuru ufungue stopu mbili. Mbili na mbili ni nne, na hizo ndizo stopu nne za daftari langu. Ninadhani kuna mavazi machache duniani yanayoweza kuiyumbisha mita kwa kiasi hiki, na sisi tumeyaweka yote mawili katika sherehe moja, kisha tukaongeza joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu juu ya kanzu ili mambo yawe magumu zaidi.

Kamera za kidijitali za siku hizi huigawa fremu vipande vipande, hutafuta nyuso, hulinganisha na kukisia, na mara nyingi hukisia vizuri. Hata hivyo bado ni kukisia, na ukipiga picha mia mbili za harusi utaona namba zikipanda na kushuka kila bwana harusi anaposogea karibu au mbali na bibi harusi, ilhali taa za ukumbini hazijaguswa na mtu.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kamera hizo. Badala ya kupima mwanga unaorudi kutoka kwa mtu, unapima mwanga unaomwangukia. Ukifanya hivyo, kanzu na buibui hazina usemi tena: kama mwanga unaowafikia wote ni mmoja, namba ni moja, na kilicho cheupe kitatoka cheupe na kilicho cheusi kitatoka cheusi. Wazo lenyewe ni la kale. Alfred Watkins, Mwingereza wa mji wa Hereford, alikuwa akiuza mita za aina hiyo tangu miaka ya 1890, ambazo ndani yake mlikuwa na kipande cha karatasi inayobadilika rangi. Ulikianika mwangani ukahesabu sekunde hadi karatasi ilipofanana na rangi ya mfano. Lakini mita niliyoizoea mimi, yenye kuba jeupe la plastiki kama nusu ya mpira wa tenisi ya mezani, msingi wake ni wa Mmarekani Don Norwood, aliyepewa hataza yake mwaka 1940. Kabla yake wapimaji wa mwanga unaoangukia walitumia kisahani bapa, na kisahani bapa kina tatizo kwamba huuona vizuri mwanga wa mbele na kuupuuza sana ule wa ubavuni. Norwood alifikiri hivi: uso wa binadamu si bapa, una paji, mashavu na taya zinazoelekea pande nyingi, kwa hiyo kinachopokea mwanga kwa niaba yake nacho kiwe na umbo la mviringo. Kuba ni uso mdogo usio na pua. Mita zake ziliitwa Norwood Director, na ile Sekonic ya Kijapani iitwayo Studio Deluxe L-398, ambayo ndiyo ninayotembea nayo, ni kitukuu chake kwa sura na kwa tabia.

Nilimpa mtu wa Nairobi pesa nikaichukua ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi uliochakaa. Haina betri. Ina kichwa kinachozunguka, mshale, gurudumu la namba, na kitufe katikati: ukikibonyeza mshale unaachiliwa, ukikiachia unakwama ulipofika, kwa hiyo unaweza kupima kisha ukarudi kwenye kamera yako ukausoma kwa utulivu. Pia inakuja na kibati chenye vitundu ambacho unakichomeka nyuma ya kuba wakati wa jua kali ili mshale usigonge ukingo, na kibati hicho kikiwa ndani sharti gurudumu ulisome kwa alama ya H. Nimewahi kusahau alama hiyo na kusoma ile nyingine. Sitasimulia.

Namna ya kuitumia ni rahisi, ila ina adabu zake. Unakwenda hadi alipo mtu unayempiga picha, unaiweka mita karibu na uso wake, na kuba unalielekeza kwenye kamera. Wanaoanza hulielekeza juani au kwenye taa, kwa kuwa akili husema kwamba mwanga unatoka huko. Wakifanya hivyo wanaupima mwanga mkali peke yake na kuusahau upande wa uso ulio kivulini, na picha hutoka ikiwa na giza. Kuba likiielekea kamera, linaona upande ule ule ambao lenzi itauona, pamoja na mwanga na vivuli vyake.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu kuliko kwa watu wa Ulaya. Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Katika saa hizo macho ya watu hugeuka mashimo meusi chini ya nyusi. Ukishika mita wima na kuba likiielekea kamera, jua linalipiga juu tu, nusu yake, na mita hukupa namba iliyofunguliwa kama stopu moja zaidi kuliko ambavyo ingekupa kama ungelielekeza juani. Stopu hiyo moja ndiyo inayorudisha macho. Kanuni ya zamani inayosema kwamba chini ya jua kali utumie f/16 pamoja na spidi inayolingana na ISO yako ilitungwa kwa jua lililo mgongoni mwa mpiga picha, likiupiga uso wa mtu moja kwa moja. Anayeitumia hapa saa sita na nusu mchana bila kuirekebisha atapata paji la uso lililo sawa na kila kitu chini yake kilichopotea. Ushauri wangu wa kweli ni kwamba usipige picha za watu saa hizo, uwasogeze kivulini. Lakini wenye harusi hawapangi ratiba kwa ajili yako.

Mtu akiwa ameupa jua mgongo, kuba linaloielekea kamera halioni jua kabisa, linaona tu mwanga hafifu wa mbele, na namba yake itauokoa uso huku ikiyaunguza mabega ya kanzu. Katika hali hiyo napima mara mbili, mara moja kuba likielekea kamera na mara ya pili likielekea mwanga mkali, kisha nachukua katikati ya namba hizo mbili. Si hesabu ya kitaalamu sana, ila kwa filamu ya negativu haijaniangusha.

Mara ya kwanza nilipompelekea mita usoni bibi wa jirani yetu, aliyekuwa ameketi barazani akingoja kupigwa picha na wajukuu, alirudisha kichwa nyuma.

"Mwanangu, wanipima homa?"

"La, bibi, napima mwanga."

"Mwanga nao wapimwa?"

"Wapimwa, bibi."

"Haya, nambie umepata ngapi."

Nilimwambia nane, maana ilikuwa f/8 kwa 1/250 na filamu ya ISO 400, ambayo ndiyo namba ya kawaida ya kivuli cha wazi kichochoroni kwetu kabla ya adhuhuri. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu siku hiyo kila anaponiona na kamera huniuliza namba ya siku.

Namba hiyo ya nane ndiyo ambayo siku ile ya nikaha ningepaswa kuitumia kwa wanaume na kwa wanawake pia. Iko katikati kabisa ya f/16 na f/4. Hata sasa nikiziangalia zile namba mbili daftarini naona jinsi mita ile ilivyoniambia ukweli mara mbili kwa namna iliyopinda, na kama ningejua kuhesabu ningeupata ukweli wenyewe palepale.

Rangi ya ngozi nayo ni kanzu na buibui ya aina yake. Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Marekani na Uingereza humfundisha mwanafunzi apime uso wa mtu kwa mita ya mwanga unaorudi, kisha afungue stopu moja, kwa sababu ngozi huwa angavu mara mbili ya kijivu. Ngozi ya nani? Ya Mzungu hurudisha kama theluthi moja ya mwanga, na kwake sheria hiyo ni sahihi. Mtu mwenye ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko huo kwa mbali, mara nyingi chini ya kijivu chenyewe, na ukipima uso wake kisha ukafungua stopu moja juu yake utamtoa akiwa amepauka asiyejitambua, na kanzu yake itakuwa karatasi tupu isiyo na mshono wala tarizi. Wapo waliofanya kinyume, wakapima kanzu na kuufuta uso, kama nilivyofanya mimi. Kuba halina habari na ngozi ya mtu. Linapima kinachomfikia, basi.

Anayelazimika kutumia mita ya mwanga unaorudi, kwa mfano ile ya ndani ya kamera, ana hila moja nzuri, nayo ni kiganja. Viganja havina tofauti kubwa ya rangi kati ya mtu na mtu kama nyuso zilivyo, na kiganja cha karibu kila mtu kinakaribia kuwa angavu stopu moja juu ya kijivu. Unakiweka kiganja chako katika mwanga uleule unaompata mhusika, unakijaza kwenye fremu, unasoma, kisha unafungua stopu moja. Jaribu siku moja kwa kulinganisha na kuba ujue kiganja chako kinatofautiana kwa kiasi gani. Changu kinahitaji robo tatu ya stopu. Mikono yenye hina haifai kwa kazi hii.

Jioni ndipo mita inapolipa gharama yake. Karibu na ikweta jua halishuki kwa mshazari mrefu, huanguka wima, na utusitusi wenye mwanga wa kutosha kusomea hudumu kama dakika 21 tu tangu jua linapozama. Jua linapogusa upeo wa macho kuna takriban luksi 400, na dakika hizo zikiisha zimebaki tatu na kitu. Hizo ni stopu saba kasoro kidogo, maana yake ni stopu moja kila dakika tatu, na jicho lako, likijirekebisha kama kawaida yake, litakuhakikishia kwamba hakuna kilichobadilika tangu ulipopima mara ya mwisho. Picha za bibi harusi juu ya paa baada ya Magharibi nazipenda kuliko zote, na katika dakika hizo napima kabla ya kila fremu. Kamera yangu ya siku hizi, Yashica-Mat ya filamu ya 120 ambayo haina mita yoyote ndani, hutoa picha kumi na mbili kwa mkanda mmoja. Nimewahi kuona ya kwanza na ya kumi na mbili zikiwa na tofauti ya stopu tano kwenye gurudumu na zikatoka sawasawa kwenye karatasi.

Mita za zamani zina maradhi yake, na hali ya hewa yetu huyaharakisha. Mojawapo ya za kwanza kuuzwa zikiwa na seli ya umeme ilikuwa Weston 617 ya mwaka 1932, iliyotengenezwa Newark, New Jersey, na kampuni ya Edward Weston, mhandisi aliyezaliwa Uingereza, ambaye hakuwa na undugu na Edward Weston yule mpiga picha mashuhuri wa California. Nimesoma makala zaidi ya moja mtandaoni zinazowafanya kuwa mtu mmoja. Weston na nyingi zilizofuata zilitumia seli ya seleni, madini ambayo yakipigwa na mwanga huzalisha umeme kidogo unaotosha kuusukuma mshale. Uzuri wake ni kwamba hazihitaji betri, na ubaya wake ni kwamba unyevu ukipenya ndani ya seli huiua polepole. Nina Weston Master niliyoipenda sana kwa uzito wake mkononi. Inasoma vizuri juani, na kivulini inasema uongo wa stopu mbili. Ndiyo maana anayenunua mita ya seleni asiridhike na kuijaribu nje ya duka tu. Kwanza aifunike seli kabisa aone kama mshale unarudi kwenye sifuri, na kama haurudi kuna skrubu ndogo ya kuurekebisha. Kisha aipime juani kwenye anga safi, ambako kwa ISO 100 inapaswa kutoa karibu f/16 kwa 1/125, halafu aiingize ndani ailinganishe na mita nyingine nzima. Ikikosea kwa kiasi kilekile pote, ni rahisi, unabadilisha ISO tu ukaizoea. Ikikosea hapa na kupatia pale, irudishe kwa mwenyewe.

Kizazi cha pili kilitumia seli za kadimi salfaidi na betri. Binamu yangu anayeishi Ujerumani aliniletea Gossen Lunasix 3, ambayo jina lake linatokana na mwezi, na kwa kweli ina uwezo wa kusoma hata mbalamwezi. Lakini ilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo kwa ajili ya sumu yake ziliondolewa sokoni. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996 na nchi nyingine nyingi zikafuata. Betri za kawaida za siku hizi zenye umbo hilo zina volti 1.5 na zaidi, na mshale hupotoka. Nimetulia kwa betri za hewa na zinki zinazotumika kwenye visaidizi vya kusikia, zenye volti 1.4, ambazo huwa naziagiza kwa muuza dawa. Zikishabanduliwa kibandiko chake huanza kufa hata kama hazitumiki, hivyo nabandua mbili wiki ya harusi. Jambo jingine la kujua ni kwamba seli ya aina hii ina kumbukumbu: ukitoka nayo juani ukaingia chumbani, ingali inalikumbuka jua, na inabidi uipe dakika kadhaa kabla ya kuiamini. Mita za silikoni zilizokuja baadaye zimeponywa na ugonjwa huo.

Nyingi za silikoni pia hupima flashi, jambo ambalo mshale wa L-398 hauwezi. Kwa kazi za studio naazima mita ya kidijitali ya rafiki, nasimama alipo mhusika, nafyatua flashi, nasoma f. Hakuna zaidi.

Kuba halifai kila mahali. Kitu kinachotoa mwanga wake chenyewe, kama taa za karabai, skrini au mawingu mekundu ya jioni, huwezi kukipima kwa kuba, kwa kuwa mwanga unaokuangukia wewe hauhusiani na mwanga unaotoka huko. Vivyo hivyo kwa mwangaza wa jua unaometa juu ya maji ya bandari ya kale. Hapo panahitaji mita ya nukta, ile ambayo unachungulia ndani yake na kupima nyuzi moja tu ya mandhari. Wapiga picha wa Kimarekani Ansel Adams na Fred Archer walipobuni mfumo wa kanda, unaoigawa picha kwa ngazi kutoka weusi hadi weupe, mwishoni mwa miaka ya 1930, walikuwa wakiiuliza mandhari swali tofauti: kivuli hiki nataka kiwe cheusi kiasi gani, na weupe ule ubaki na kiasi gani cha maelezo. Kwa milima na miamba ni mfumo mzuri mno. Kwa watu wanaotembea, wanaocheka na kumbeba mtoto anayelia, sijaona anayeuweza.

Wengi huniuliza kuhusu programu za simu. Zinafaa. Nyingi hutumia kamera ya simu, kwa hiyo hupima mwanga unaorudi na zina ugonjwa uleule wa kanzu na buibui. Zikielekezwa kwenye kiganja au kadi ya kijivu hutoa namba ambayo kwa kawaida inapishana na mita yangu kwa theluthi ya stopu. Zipo pia zinazotumia kile kihisi kidogo kilicho juu ya kioo cha simu, ambacho hupima mwanga unaoangukia, lakini ni bapa na kila simu ina tabia yake. Kwa kijana aliyenunua kamera ya kwanza ya filamu na hana pesa ya mita, namwambia atumie simu bila aibu. Shida yangu nazo ni ndogo na ya kibinafsi: nikimwelekezea mtu simu usoni hudhani nimeshampiga picha, huweka tabasamu, na nikija na kamera tabasamu limekwisha.

Ijumaa iliyopita nilikuwa juu ya paa la nyumba moja kule Kibokoni. Yule bibi wa jirani alikuwa amepandishwa ngazi zote kwa mkongojo ili aketi kando ya mjukuu wake aliyeolewa. Adhana ilikuwa imekwisha zamani kidogo, na upande wa magharibi palibaki mstari wa rangi ya embe. Nilipiga goti, nikalisogeza kuba karibu na shavu lake, nikabonyeza, nikaachia.

"Leo ngapi?"

"Tatu na nusu, bibi, na shata nimeishusha."

"Jana nilikusikia wasema nane."

"Jana ilikuwa asubuhi."

"Basi harakisha," akasema, akajiweka sawa mtandio.